Tabianchi au Tabia ya Wananchi?

Ipo sentensi moja ambayo nimeichoka. Nimeisikia katika midahalo ya wanafunzi, nimeisikia kwa wageni rasmi wanaokuja kutufungulia makongamano, na nimeisoma katika insha za wenzangu mara nyingi kiasi kwamba sasa naweza kuitabiri kabla sijafungua ukurasa. Sentensi yenyewe ni hii: "Korongo wanapungua kutokana na mabadiliko ya tabianchi." Inasomeka vizuri na ina sauti ya kitaalamu. Mwalimu akiifikia huweka alama ya vema pembeni, na mwandishi huingia aya inayofuata moyo wake ukiwa umetulia.

Mimi nasema kwamba sentensi hiyo, kwa jinsi tunavyoitumia hapa Uganda, ni nusu ya ukweli inayofanya kazi ya uongo mzima. Nawaomba wanafunzi wenzangu na walimu wetu wanivumilie hadi mwisho, maana sitaki nieleweke vibaya. Sikatai kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika. Ninachokataa ni kulisingizia jua kazi iliyofanywa kwa majembe, matingatinga na mihuri ya ofisi.

Nianze na ndege mwenyewe. Korongo mwenye taji ni nembo yetu. Waganda humwita ng'aali, na katika Buganda upo ukoo mzima unaobeba jina lake. Kwetu Kigezi tunamwita entuha, na jirani zetu wa Rwanda humwita umusambi. Amesimama katikati ya bendera yetu tangu tarehe 9 Oktoba 1962, mguu mmoja ameuinua, nasi tulifundishwa shuleni kwamba mguu ule ni alama ya nchi inayosonga mbele. Timu ya taifa ya kandanda inaitwa kwa jina lake. Si ndege wa kujificha: ana kimo cha takriban mita moja, kichwani amevaa taji la nywelenywele za rangi ya dhahabu, na sauti yake husikika kutoka ng'ambo ya bonde. Tena, tofauti na korongo wasio na taji, yeye huweza kutua juu ya mti na kulala huko.

Lakini wakati wa kuzaa hana hiari, lazima arudi majini. Kiota chake hukijenga kwa majani na matete katika kinamasi chenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga mayai mawili hadi manne, kisha yeye na dume lake huyaatamia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Maji yanayokizunguka kiota ndiyo ukuta wa nyumba yao. Maji yakiwepo, mbwa hafiki, ng'ombe hakanyagi, mtoto mchungaji hachukui mayai. Maji yakiondoka, nyumba imebaki bila ukuta.

Sasa tazama hesabu. Katika miaka ya 1970 korongo hawa walikadiriwa kuwa 35,000 hivi nchini Uganda. Kufikia mwanzoni mwa karne hii makadirio yalikuwa yameshuka hadi kati ya 10,000 na 20,000. Barani kote hali ni hiyo hiyo, na mwaka 2012 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulimweka katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Ndege tuliyemchora kwenye bendera anatutoka, na kizazi chetu hiki kinaweza kuja kuwaonyesha watoto wake picha tu.

Nani anamwondoa? Tuwasikilize wanaomfuatilia ndege huyu shambani na bondeni, kisha tuandike wanayoyataja. Wanataja kukaushwa kwa vinamasi anamozalia. Wanataja kukamatwa kwa vifaranga na kuibwa kwa mayai ili wauzwe wakafugwe katika bustani za hoteli na za watu wenye uwezo. Wanataja sumu inayowekwa na wakulima waliochoshwa na ndege wanaofukua mbegu. Wanataja nyaya za umeme zinazopitishwa juu ya mabonde, ambazo ndege mkubwa mwenye mabawa mapana hujigonga nazo au hupigwa na umeme wake. Katika mambo hayo manne, niambieni ni lipi lililoletwa na jua. Yote manne yana mkono wa mtu.

Na kati ya hayo, la kinamasi ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1994 vinamasi vilikuwa takriban asilimia 15.6 ya eneo la Uganda. Leo ni chini ya asilimia 10. Hakuna kiangazi kilichofanya kazi hiyo. Yeyote anayesafiri kutoka Kampala kwenda Masaka hupita Lwera, naye huona kwa macho yake mashimo ya wachimba mchanga na mashamba ya mpunga mahali palipokuwa na mafunjo. Anayekaa Kampala anajua Nakivubo ilivyokuwa chujio la maji machafu ya jiji kabla hayajafika ziwani, na anajua viwanda na viazi vikuu vilivyosimama pale sasa. Kule Lutembe, ghuba ya Ziwa Viktoria inayopokea maelfu ya ndege wahamaji, na ambayo inatambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, sehemu ya kinamasi ilifukiwa ili kupandwe maua ya kuuzwa nje. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kwetu Kigezi historia ni ndefu zaidi. Mabonde yetu yalianza kuchimbwa mitaro tangu siku za ukoloni, na baada ya Uhuru tuliendelea pale Mwingereza alipoachia. Viazi vikaingia, kisha ng'ombe wa maziwa, na mafunjo yakasukumwa hadi yakabaki vipande vipande kama lile eneo la Nyamuriro. Wazee wa bondeni kwetu hawahitaji kipimajoto kueleza kilichotokea. Wanasema ukungu wa asubuhi haukai tena kama zamani, na kwamba entuha walikuwa wakicheza ngoma yao makundi kwa makundi, na sasa mtu anaweza kupita mwezi mzima asiwaone hata wawili. Ukiwauliza sababu, hawasemi "tabianchi." Wanataja mtaro, na wanamtaja kwa jina aliyeuchimba.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi mnaosoma Kiswahili pamoja nami, kwa sababu sisi hatuna kisingizio cha kutoielewa hila iliyomo katika lugha hii. Tumesoma mnyambuliko wa vitenzi tangu muhula wa kwanza. Tunajua kwamba "kauka" na "kausha" ni ndugu wa mzizi mmoja, lakini kazi zao ni mbali mbali. Ukisema "kinamasi kimekauka," hakuna mtu katika sentensi yako. Kimekauka kama nguo juu ya kamba. Ukisema "kinamasi kimekaushwa," msikilizaji mwenye akili atauliza: na nani? Na ukisema "tumekikausha," swali limejibiwa. Vivyo hivyo kwa "pungua" na "punguza," "chafuka" na "chafua," "haribika" na "haribu." Sasa fungueni insha zetu, ripoti zetu na hotuba za wakubwa. Mtakuta vinamasi vimekauka, korongo wamepungua, mito imechafuka, misitu imeharibika. Nchi nzima imetendeka, na mtendaji hayupo.

Na pale swali la "na nani?" linapokaribia kuulizwa, tunaliziba kwa neno "tabianchi." Sina ugomvi na neno lenyewe. Limeundwa vizuri kutokana na "tabia ya nchi," maneno ambayo vitabu vya jiografia vilikuwa vikiyatumia zamani. Lakini tazameni jinsi tunavyolitumia. Nchi imepewa tabia, nasi wana wa nchi tumejivua yetu. Nchi ndiyo iliyobadilika, nchi ndiyo yenye hasira, nchi ndiyo iliyowafukuza ndege. Mwananchi amekaa pembeni, mikono safi, akisubiri mradi wa kumfidia.

Najua atasimama mtu aseme: "Lakini sayansi imethibitisha kwamba joto linaua ndege." Ndiyo, imethibitisha, na nitaitetea sayansi hiyo kuliko yeye. Katika milima ya Usambara, Tanzania, watafiti walikamata ndege wa msituni, wakawavisha pete miguuni, wakawaachilia na kuwafuatilia kwa miaka 30. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 yanaonyesha kwamba joto la pale limepanda kwa zaidi ya nusu digrii, na kwamba kwa aina nyingi walizozichunguza uwezo wa ndege kuishi na kuongezeka umeshuka. Huo ni ushahidi, nao ni wa kutisha, kwa kuwa ndege wa mlimani akisukumwa juu na joto mwishowe hufika kileleni, na juu ya kilele hakuna msitu mwingine.

Lakini wanasayansi hao hao wanatufundisha adabu ambayo sisi hatuna. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mwingine, huu wa Nyungwe, Rwanda, uliotumia hesabu za ndege zilizokusanywa kwa miaka 15. Watafiti waliona kwamba ndege kwa wastani walikuwa wanapanda mlima, yaani wanaonekana juu zaidi kuliko awali. Mwanafunzi wa kwetu angekwisha andika hitimisho lake hapo hapo. Wao walikwenda kutazama vipimo vya hali ya hewa vya eneo lile, na hawakupata mabadiliko yaliyoweza kueleza kupanda kule. Basi wakaandika hivyo, waziwazi, tangu katika kichwa cha makala: kwamba mambo mawili hayo hayakuungana. Hawakuona aibu kulirudisha neno "tabianchi" kabatini pale ushahidi ulipokosekana. Watu waliotembea msitu ule mwaka hadi mwaka wanalitumia neno hili kwa tahadhari, nasi tusiotoka nje ya maktaba tunalimwaga kama chumvi.

Tena nasema hivi: anayeamini kweli kwamba hali ya hewa inabadilika ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele juu ya mitaro. Kinamasi kizima ni ghala. Mvua ikizidi, hunywa. Kiangazi kikija, hutoa kidogo kidogo. Korongo aliyejenga kiota katika kinamasi kizima anaweza kuuvumilia msimu mbaya, maana mafunjo yamemwekea akiba ya maji. Korongo aliyejenga katika bonde lililochimbwa mitaro hana akiba. Wiki mbili za jua kali zinatosha kukiacha kiota chake pakavu, na mvua moja kubwa inatosha kukisomba, kwa kuwa maji yanateremka bila kizuizi. Mabadiliko ya hali ya hewa yamewasha kiberiti, lakini nyasi kavu tuliziweka sisi.

Hata binadamu tumeshaonja. Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya mwaka 1964. Nyumba, hoteli na mashamba ya kando ya ziwa yakaingia maji, na magazeti yakajaa neno letu tulipendalo. Mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida, hilo sina shaka nalo. Lakini wengi wa waliofurikiwa walikuwa wamejenga mahali ambapo ziwa lenyewe lilipaacha kwa muda tu, juu ya mizizi ya mafunjo yaliyofyekwa. Ziwa lilirudi nyumbani kwake likakuta wapangaji.

Kama kuna asiyekubali kwamba mkono wa mtu ndio unaoamua, avuke mpaka aende Rugezi. Si mbali na kwetu. Ni kinamasi kikubwa cha mlimani kaskazini mwa Rwanda, ambacho maji yake huteremka katika ziwa Burera, kisha Ruhondo, na njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Humo anaishi pia ndege mdogo wa kahawia ambaye duniani kote hupatikana tu katika vinamasi vya milimani vya eneo letu hili la Bonde la Ufa la magharibi. Watu waliingia Rugezi wakachimba mitaro ili walime. Kufikia mwaka 2003 na 2004 maji ya ziwa Burera yalikuwa yameshuka kiasi kwamba Ntaruka ilishindwa kuzalisha umeme wake wa kawaida. Nchi ikalazimika kutegemea majenereta ya dizeli, na bei ya umeme ikapanda.

Ni kweli kwamba miaka ile mvua nazo zilikuwa chache. Serikali ya Rwanda ingeweza kabisa kusimama na kusema: "Ni tabianchi," na dunia nzima ingeitikia. Badala yake ilitazama mitaro. Ikazuia kilimo na ukaushaji ndani ya Rugezi, ikapanda mianzi na majani kuzunguka kingo, ikasisitiza matuta katika vilima vinavyokizunguka kinamasi ili udongo usiteremke. Mwaka 2005 Rugezi ikaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji yalirudi, na umeme ukarudi. Wako waliopoteza mashamba, na maumivu yao hayakuwa madogo. Yeyote anayetaka kuiga Rugezi aanze kwa kuwapangia watu wa namna hiyo riziki nyingine. Lakini jambo moja lilithibitika: kinamasi kilichokaushwa kwa mkono kinaweza kuponywa kwa mkono.

Na korongo? Jirani zetu hao hao walikuwa na ugonjwa wa kumfuga umusambi bustanini kama ua la kupendeza wageni. Wengi walikatwa mabawa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwaandikisha ndege hao. Waliokuwa nao waliombwa wajitokeze bila kuadhibiwa, ndege wenye uwezo wa kuruka wakarudishwa porini, na wasioweza wakatafutiwa makao Kigali katika kijiji kilichopewa jina lao, Umusambi. Zaidi ya korongo 200 waliondolewa katika kufungwa. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 porini. Hesabu za miaka ya karibuni zimepita 1,000. Nauliza, na ningependa anijibu yule mgeni rasmi wa makongamano: katika miaka hiyo jua la Rwanda lilipunguza ukali wake? Hewa ya ukaa iliruka Kigali ikaja kukaa Kampala? Tabianchi ni ile ile kwa wote wawili. Kilichotofautiana ni tabia.

Sasa nijibu pingamizi mbili ambazo nimekutana nazo kila nilipolisema jambo hili chuoni.

Ya kwanza inasema kwamba ninawalaumu maskini. Mkulima aliyeingia bondeni alifuata chakula cha watoto wake, na korongo halishi mtu. Nimezaliwa miongoni mwa wakulima hao, na sitasimama kuwashitaki. Mama anayelima matuta mawili ya mboga pembeni mwa kinamasi hakukimaliza kinamasi. Lakini tuwe wakweli kuhusu nani ana matingatinga. Mifuko ya saruji iliyojengea maghala juu ya mafunjo haikununuliwa kwa fedha za mboga. Hati za ardhi zilizotolewa katikati ya maji hazikuandikwa na mchunga ng'ombe. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia maziwa, mito na ardhi oevu kama amana ya wananchi wote. Mwaka huo huo tulipata sera ya taifa ya ardhi oevu, tukiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2005 tuliwakaribisha Kampala wajumbe wa dunia nzima katika mkutano wa Ramsar. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua hati zilizotolewa ndani ya ardhi oevu kinyume cha sheria zifutwe. Maana yake ni kwamba hata wenyewe walikiri hati hizo zipo. Hatukukosa sheria. Tulikosa watu wa kuulizwa, na hatukuwapata kwa sababu kila sentensi yetu inamlaumu jua.

Kwa hiyo anayesema "tabianchi" akidhani anamtetea maskini, anamtetea mwenye hati. Maskini atakapotolewa bondeni, kama ambavyo hutolewa mara kwa mara, yeye ndiye ataonekana kwenye picha ya gazeti akibeba godoro. Mwenye hati atakuwa katika kongamano, kiti cha mbele, akisikiliza mada kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Inasema kwamba Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 hivi ya gesijoto za dunia, kwamba waliochafua anga ni mataifa ya viwanda, na kwamba nikiwaelekeza Waganda wajitazame ninawasaidia wachafuzi kukwepa deni. Deni hilo lipo, na mimi nataka lilipwe. Lakini mdai mwenye busara hutunza vitabu vyake. Tutakwendaje kudai fidia ya ukame tukiwa tumebeba mkononi mtaro tuliouchimba wenyewe? Wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu, na kesi yetu itaanguka. Zaidi ya hayo, udongo mweusi ulio chini ya mafunjo umehifadhi mizizi na majani ya miaka mingi yasiyooza kwa kukosa hewa. Ukiyaondoa maji, huoza, na kaboni iliyolala humo hupanda angani. Kila bonde tunalolikausha linatuhamisha, kidogo kidogo, kutoka meza ya walalamikaji kwenda meza ya walalamikiwa. Nyani haoni kundule.

Kwa nini basi tunalipenda neno hili? Nadhani ni kwa sababu halina anwani. Ukisema korongo wamekosa pa kutagia kwa kuwa bonde fulani lilikaushwa mwaka fulani kwa idhini ya ofisi fulani, umeanzisha ugomvi, na ugomvi una gharama, hata kwa mwanafunzi anayetafuta barua ya kumtambulisha kazini. Ukisema ni tabianchi, kila mtu anatikisa kichwa kwa huzuni, chai inaletwa, na mnapiga picha ya pamoja. Pia neno hili linavutia fedha. Mradi wa kuziba mtaro unahitaji majembe na ujasiri, na ukiisha umeisha. Mradi wa "kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi" unahitaji warsha, na warsha huzaa warsha.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Lugha hii tunayoihangaikia madarasani inaingia ofisini, mahakamani na katika ripoti za wilaya. Sisi ndio tutakaoandika ripoti hizo na kuzitafsiri. Kikiingia na sentensi zisizo na watenda, tutakuwa tumewapa wakubwa lugha ya pili ya kujifichia, baada ya ile ya kwanza. Kikiingia na "nani alikausha, lini, kwa kibali cha nani," tutakuwa tumeifanyia nchi kazi ambayo Kiingereza cha makongamano hakikuifanya.

Basi naomba mambo ya kawaida kabisa. Wanafunzi wenzangu, anayetaka kuandika kuhusu ndege na mazingira achague bonde moja, aende alione, awaulize wanaoishi hapo, kisha aandike vitenzi vyake kwa kauli inayomtaja mtenda. Akikuta kweli joto au mvua ndiyo sababu, aandike hivyo na atoe ushahidi, kama walivyofanya wale wa Usambara. Walimu wetu, sentensi ile niliyoanza nayo ikija mbele yenu msiiwekee alama ya vema. Iandikieni pembeni maneno mawili: "Na nani?" Na vyama vyetu vya wanafunzi, vinavyotumia fedha kila mwaka kuchapisha fulana zenye picha ya korongo kwa ajili ya siku ya mazingira, vitumie hata nusu yake kwa nauli ya kwenda kuhesabu korongo walio hai katika vinamasi vilivyo karibu na chuo, mwaka hadi mwaka, na kubandika hesabu hiyo pamoja na ramani ya mitaro mahali ambapo kila mtu ataiona.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Korongo hana lugha ya kumtaja anayemla. Sisi tunayo, tena tunaisomea shahada.